Mjane Aliyeonekana Magomeni

Inspekta Waridi Kombo aliingiza mkono chini ya meza ya cherehani, akapapasa ubao polepole, kisha akautoa na kunusa vidole. Gundi.

"Na hii pia," alisema. "Andika, Robert."

Sajenti Robert aliandika akiwa amesimama ubavu, maana dukani kwa Isidori Mallya hapakuwa na nafasi ya watu wawili kusimama wakitazamana. Cherehani zilipangwa hadi darini. Nje, Mtaa wa Narung'ombe ulikuwa haupitiki. Wapagazi walipiga miluzi kuomba njia, spika ya muuza sumu ya panya ilirudia maneno yale yale, na guta lililosheheni marobota lilikuwa limekwama huku mwenyewe akitukanana na muuza soksi.

"Dada yangu," alisema Isidori, "gundi si kosa. Mbao za Kichina zote zina gundi."

"Zote mahali pamoja? Zote kwa umbo la mraba?"

Isidori alicheka. Alikuwa mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nyuma ya kaunta, mdogo wake, Vicky, aliacha kufunga bobini na kusikiliza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umechorwa maua meusi ya hina kutoka kifundoni hadi kidole cha shahada.

"Sajenti, wewe ni wa wapi?" Isidori alimgeukia Robert. "Sura hii naifahamu."

"Marangu."

"Ndiyo maana! Watu wa Marangu mnauliza kabla ya kusalimia."

"Na watu wa Kibosho mnajibu kabla ya kuulizwa, mzee. Leo tumekuuliza. Jibu."

Vicky aliangua kicheko, kisha akakizuia kwa kiganja.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilikuwa na mpango wa kuwasaidia wenye viwanda vidogo. Ukinunua mashine, Mfuko wa Nafuu unakurudishia nusu ya bei, na nusu iliyobaki inapunguzwa kwenye kodi yako ya mapato mwaka hadi mwaka. Ofisa wa Mfuko huja kukagua, na kila mashine aliyoiona huibandika stika ya namba chini ya meza. Marehemu Hamud, muuza vitambaa wa hapo Kariakoo, aliomba nafuu hiyo kwa ajili ya kiwanda cha kushona sare huko Magomeni. Alifariki kabla ya kupata jibu, na biashara ikaandikwa kwa jina la mjane wake, Fakhriya. Ofisa alikwenda Magomeni, akakuta cherehani zimepangwa na mama mwenyewe amesimama katikati yake akiwa na kitambulisho mkononi. Aliridhika, na fedha zikatoka. Mkaguzi wa pili alipopita baadaye bila taarifa, alikuta chumba kitupu na kufuli jipya.

Askari walikwenda nyumbani kwa Fakhriya, Upanga, mara tatu. Mara zote waliambiwa mlangoni kwamba mama yuko eda na haonani na wanaume wasio ndugu zake. Mara ya tatu Mrakibu, mkuu wao kituoni, alikasirika.

"Anajificha nyuma ya dini," alimwambia Waridi asubuhi hiyo, akimsukumia jalada mezani. "Wewe ni mwanamke, watakufungulia. Kamlete. Ikifika saa kumi sijamwona hapa, napeleka difenda na vijana wa kutosha, na duka lake tunalitia lakiri leo leo."

Waridi hakwenda Upanga moja kwa moja. Alitaka kwanza kujua mashine zilitoka wapi na zilirudi wapi. Muuza vitumbua wa Magomeni alikumbuka jina la duka lililoandikwa kwenye kirikuu kilichozileta asubuhi na kuziondoa jioni. Jina hilo ndilo lililokuwa kwenye bango juu ya kichwa cha Isidori sasa.

"Mzee Isidori," alisema Waridi, "cherehani zilizokaguliwa Magomeni ni hizi. Umebandua stika ukazirudisha sokoni. Nikikuandika kama mshirika wa wizi wa fedha za serikali, hutalala nyumbani leo. Nani alizichukua?"

Isidori alivua miwani. Mzaha ulikuwa umemtoka.

"Nilimwazima mtu. Huku ndivyo tunavyoishi, afande. Mteja akitaka kitu sina, nakimbilia kwa jirani, nachukua, nauza, jioni namletea chake. Hakuna risiti wala dhamana. Mzee Hamud alinipa marobota ya vitambaa miaka na miaka kwa neno tu. Sasa simu inatoka nyumbani kwake, mjane wake anasema anahitaji cherehani siku moja, wageni wanakuja kuona kiwanda. Nimuulize wageni gani? Nimwambie mfiwa alete barua?"

"Alikupigia Fakhriya mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nilijua yuko eda, lakini kupiga simu si kutoka mlangoni."

"Sauti uliitambua?"

"Ilikuwa chini, nikajua ni kilio." Isidori alisita. "Alikuwa na adabu mno. 'Bwana Isidori, samahani kukusumbua, Bwana Isidori.' Nikasema moyoni, kifo kinabadilisha mtu."

"Kwani siku zote anakuitaje?"

"Aniite Bwana, yule? Ananiita Mangi, eti chifu wa Wachaga! Ananitania mpaka mbele ya wateja."

Waridi alimtazama Robert. Robert hakuandika. Waridi akamwonyesha kalamu kwa kidevu.

"Stika ulibandua kwa nini?" aliuliza.

"Mashine zimerudi zina alama za serikali. Nani atanunua? Nilimpigia Khalil, mtoto wao, akasema bandua tu, ni mapambo ya wageni. Khalil siku hizi ni bosi, hana muda wa kuongea na sisi. Anachukua fremu ya duka kwenye ghorofa jipya la Msimbazi. Mnajua kilemba cha pale, hela ya kuingilia tu? Mimi nimekisikia nikakaa chini."

"Wewe uliitaka hiyo fremu?" aliuliza Robert haraka.

"Nani hakuitaka?"

"Kwa hiyo una kinyongo na kijana."

"Nina kinyongo na kila mwenye fremu ya kona, Marangu. Hiyo si jinai."

Simu ya Waridi ilitetemeka. Alisoma jina la Mrakibu, akaiacha itetemeke hadi ikachoka.

"Hakuna mashine inayotoka humu," alimwambia Isidori. "Hata moja. Mteja akija, mpe soda."

*

Ofisi za Mfuko zilikuwa ghorofani, katikati ya mji, na kiyoyozi kilikuwa kikali kiasi kwamba Robert alikunja mikono kifuani. Ofisa Zakayo, kijana mwembamba mwenye tai, aliwakaribisha viti akabaki yeye amesimama.

"Ulimwona uso?" aliuliza Waridi.

"Alikuwa amejifunika, afande. Nikabu. Macho tu."

"Ulimwomba afunue?"

"Afande, mimi ni mtoto wa mchungaji. Niko peke yangu na mama wa Kiarabu, mfiwa, chumba cha uani Magomeni. Nimwambie afunue uso? Angepiga kelele ningetokea wapi? Alinipa kitambulisho, nikakagua jina na namba, vikalingana."

"Kitambulisho kina picha ya uso."

"Ndiyo."

"Na wewe ukailinganisha na nini?"

Zakayo aligusa tai yake.

"Aliongea?"

"Kidogo. Salamu, ndiyo, hapana. Kijana mmoja alimleta kwa gari, ila hakushuka."

"Kabla ya siku hiyo, kuna mtu yeyote wa familia aliyewasiliana nawe?"

"Mwanaume alipiga simu. Alisema mama yake hawezi kutoka, tusogeze ukaguzi mbele. Nikamwambia masharti hayaruhusu. Mwombaji asipokuwepo mwenyewe siku ya ukaguzi, ombi linafutwa, na waliopo kwenye foleni ni wengi. Kesho yake akapiga tena, akasema mama atakuja."

"Hukushangaa? Jana hawezi kutoka, leo anakuja?"

"Nilidhani alikuwa mgonjwa, akapata nafuu."

Robert alikohoa kuficha kicheko. Waridi hakucheka.

"Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume," alimwambia Zakayo, "anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai dhahabu, hajitii manukato, hajipambi kwa chochote. Haya mambo yanatokea nyumba ya tatu kutoka kwako kila mwezi. Ungeuliza hata mlinzi wa hapo chini angekwambia."

"Fomu yetu haina sehemu ya kuandika hilo, afande."

"Utaratibu wenu unataka picha ya mwombaji akiwa na mashine. Nionyeshe."

Zakayo aligeuza kompyuta. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa amevaa buibui jeusi na nikabu, macho yameangalia pembeni. Pengine Zakayo alimwambia asogee karibu na mashine, maana mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya kichwa cha cherehani, na mkono wa buibui ulikuwa umepanda kidogo.

"Vuta mkono," alisema Waridi. "Zaidi. Hapo hapo."

Vidole vilikuwa vyekundu vya kuiva, vimechovywa hadi kwenye viungo vya kwanza. Kucha zote zilikuwa na rangi hiyo hiyo, na juu yake michoro myembamba ilipanda kifundoni ikapotea ndani ya buibui.

Robert aliruka kutoka kwenye kiti. "Vicky! Umemwona Vicky mkono? Afande, twende. Mangi katoa mashine, na mwanamke katoa yeye. Amekula pamoja na Khalil, halafu anatuletea hadithi za kuazimana."

"Kaa."

"Afande, mkono ule una hina, nimeuona kwa macho yangu."

"Umeona maua. Ni piko nyeusi ya saluni, kapaka juzi kwa ajili ya sherehe, mkono mmoja, juu ya kiganja tu. Kucha zake ulizitazama?"

Robert alikaa.

"Ni nyeupe," alisema Waridi. "Michoro ya ngozi inafutika kwa sabuni na maji ya vyombo. Ya kwenye kucha haifutiki. Inaondoka kucha ikikua, na tangu ukaguzi kucha haijapata muda wa kukua yote. Mwanamke huyu, popote alipo, leo ncha za kucha zake ni nyekundu na huku chini ni safi. Angekuwa Vicky ningeona." Aligonga kioo kwa kidole. "Tena tazama vidole vilivyochovywa. Hii si hina ya kwenda harusini, ni ya mwenye harusi."

"Bibi harusi?"

"Ni nani kaolewa kwenye ile familia?"

Robert alipekua daftari lake kwa haraka. Maelezo ya askari wa mara ya kwanza yalikuwa na mstari mmoja: mlangoni walipokewa na mke wa Khalil, Rania, ameletwa karibuni kutoka Tanga.

"Mgeni," alisema Robert polepole. "Hajui kwamba mama mkwe wake anamwita yule mzee Mangi."

"Na Kariakoo hakuna anayemjua, kwa uso wala kwa sauti."

"Basi mama naye anajua. Kitambulisho chake, mkwewe, mwanawe. Wamepanga sebuleni, wakamtuma binti."

Waridi alisimama. Hilo ndilo lililokuwa limebaki, na halikuwa na jibu kwenye picha. Mjane huyo alikuwa mwizi, au alikuwa ameibiwa na watu wanaokula naye. Simu ilitetemeka tena. Safari hii aliipokea.

"Uko wapi?" Sauti ya Mrakibu ilisikika hadi kwa Zakayo.

"Njiani kwenda Upanga, afande."

"Toka asubuhi uko njiani! Upanga ipo Morogoro?"

"Naomba usitoe difenda kabla sijapiga."

"Saa kumi, Waridi. Sina saa nyingine."

*

Walichukua bajaji, maana gari lao lilikuwa limezibwa na lori la mchele. Dereva alipita kila palipokuwa na upenyo na hata pasipokuwa nao. Robert alishika bomba kwa mikono miwili. Waridi alipiga simu kwa mtu wake wa bandarini, akamtajia jina la kampuni ya marehemu, akasubiri, akasema asante.

"Hakuna mzigo wa cherehani kwa jina lao," alisema. "Wala hakuna ulioagizwa."

Jengo lilikuwa la ghorofa nne, la zamani, lenye ngazi za saruji zilizopozwa na kivuli. Robert alibaki kwenye ngazi. Waridi alijitanda mtandio vizuri, akabisha, akatoa salamu.

Mlango ulifunguliwa nusu. Msichana aliyetokeza alishika ukingo wa mlango kwa vidole vinne. Kila kucha ilikuwa na rangi mbili: chini nyeupe, juu nyekundu iliyofifia.

"Wewe ni Rania?" aliuliza Waridi.

"Ndiyo, dada."

"Mimi ni polisi. Nimekuja kumwona mama."

Vidole viliondoka mlangoni vikapotea ndani ya mtandio.

Sebuleni kijana mwenye kanzu iliyopigwa pasi alikuwa akizunguka zunguka na simu sikioni. Alipomwona Waridi alikata. "Mwanasheria wetu amesema mama hahojiwi bila yeye."

"Mwite aje, Khalil. Nitamsubiri nikiwa na mama."

Chumba cha Fakhriya kilikuwa kitupu kuliko Waridi alivyotarajia. Kioo cha kabati kilikuwa kimefunikwa shuka. Mama mwenyewe alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga iliyopauka kichwani, mikono mapajani. Mikono hiyo ilikuwa mitupu: hapana pete, hapana bangili, na kucha zake zilikuwa nyeupe hadi nchani.

"Shikamoo mama. Pole na msiba."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa. Angalau leo wamenitumia mtu ninayeweza kumwona."

"Mama, tangu mume wako afariki umewahi kutoka humu?"

"Kwenda wapi? Harusi ya mwanangu huyo, wa pekee, ilifungwa Tanga mimi nimekaa kwenye mkeka huu. Marehemu aliusia isiahirishwe. Nililetewa bibi harusi hapa na hina yake, nikamwona hapo ulipokaa."

"Mfuko wa Nafuu unaujua?"

"Marehemu aliomba. Cherehani za sare. Khalil akaniambia walikataa, kwa sababu siwezi kutoka kukaguliwa. Nikasema basi, ni riziki ya wengine." Alimtazama Waridi kwa makini. "Kwani hawakukataa?"

"Isidori wa Narung'ombe, ulimpigia simu kumwomba mashine?"

"Mangi?" Kwa mara ya kwanza uso wa Fakhriya ulilegea. "Sijaongea na Mangi tangu arubaini. Naye akiniita Malkia wa Maskati nitacheka, na kucheka bado sijaweza. Nimpigie wa nini?"

Waridi alitoa simu yake. Alikuwa ameipiga picha ile ya kwenye kompyuta. Aliiweka kwenye mkeka baina yao.

"Huyu aliingia Magomeni na kitambulisho chako, akapigwa picha kwa jina lako. Fedha zimetoka, mama. Serikali inasema umezila wewe. Wenzangu wako njiani kuja kukuchukua."

Fakhriya aliinama juu ya picha. Alitazama buibui, akatazama macho, kisha akatazama mkono. Hapo alikaa muda mrefu. Chini mtaani mtu alikuwa akipiga honi bila kukoma. Fakhriya aliisukuma simu ikarudi kwa Waridi.

"Ni mimi," alisema.

"Mama."

"Ni mimi. Andika."

"Umevunja eda, ukachovya vidole hina, ukaenda Magomeni kuonana na mwanaume peke yako?"

"Nimevunja. Nimepaka. Nimeenda." Alikuwa ameshika pindo la kanga kwa nguvu. "Nitajibu kwa Mungu na kwa serikali. Andika unichukue, usipoteze muda."

Mlango ulikuwa wazi. Rania alikuwa amesimama kizingitini na sinia la kahawa, na nyuma yake Khalil. Wote walikuwa wamesikia. Waridi hakugeuza mwili, aligeuza kichwa tu.

"Khalil. Umemsikia mama yako?"

"Nimesikia."

"Una la kuongeza?"

Khalil alitazama saa yake, kisha akatazama sakafu. "Mama ni mtu mzima. Amesema mwenyewe."

Sinia liligonga sakafu. Rania hakuliangusha. Aliliweka, ila aliliweka kwa haraka, na kahawa ikamwagika nje ya vikombe.

"Sivyo," alisema. "Mama hajui kitu. Ni mimi niliyeenda."

"Nyamaza, Rania," alisema Khalil.

"Uliniambia mama amekubali! Uliniambia anaona haya kulizungumza, nisimtajie, nivae buibui lake nirudi nalo. Hata huyo mzee wa cherehani uliniandikia maneno ya kumwambia. Mimi nilikuwa hata jikoni kwenu sijapazoea. Ningemuuliza nani?" Alikuwa analia sasa, lakini maneno yalitoka yote. "Na leo mama anajitwika, na wewe unatazama saa?"

"Serikali ndiyo ilitaka hivyo!" Khalil alimgeukia Waridi. "Niliwaomba wasogeze siku, wakakataa. Baba aliomba kihalali. Tungepoteza haki yetu kwa sababu ya kifo? Mashine zilikuwa zinakuja."

"Kutoka wapi?"

"China. Ziko melini."

"Nimeuliza bandarini. Hakuna kitu chenu melini, na hakuna kilichoagizwa." Waridi alisimama. "Kukataliwa siku uliyoomba, hilo hata mimi naona ulionewa. Ungesimama hapo ningekuelewa. Ila fedha zilipotoka hukununua hata sindano. Ulilipa kilemba cha fremu, ghorofa jipya la Msimbazi."

"Ni kwa ajili ya familia."

"Fremu imeandikwa jina la nani?" Sauti hii haikuwa ya Waridi. Fakhriya alikuwa ameinua kichwa.

"Mama, hayo tutaongea..."

"Jina la nani, Khalil?"

Honi ya chini ilinyamaza. Khalil alilamba midomo.

"Langu."

Fakhriya aliachia pindo la kanga, akalinyoosha juu ya goti kwa kiganja, kama anayelipiga pasi.

Waridi alipiga simu. "Afande, mjane siye. Aliyesimama kwenye picha ni mkwewe, amekiri mbele yangu, na aliyemtuma ni mtoto wa kiume. Nakuja nao wote wawili."

"Difenda limeshatoka."

"Lirudishe."

"Waridi, unanipa amri?"

"Nakuomba, afande. Lakini wakifika watanikuta mimi nimesimama mlangoni, na kwa huyu mama hawataingia."

Mrakibu aliguna. "Na duka?"

"Duka ni la mwenye jina, na mwenye jina ameibiwa kitambulisho. Lakiri ya nini?"

Mrakibu alikata bila kuaga. Dakika chache baadaye Robert aliita kutoka ngazini kwamba difenda limeonekana kwenye kona, limesimama, na sasa linageuza. Waridi alipumua.

Aliwasomea wote wawili makosa yao palepale sebuleni: kujipatia fedha kwa udanganyifu, na kwa Rania, kujifanya mtu mwingine. Khalil alimkabidhi Waridi kitambulisho cha mama yake, akaomba kubadili kanzu, akakataliwa. Rania alikuwa ameshavaa viatu.

"Binti huyu," Fakhriya aliuliza kutoka chumbani, "atalala huko?"

"Akipata mdhamini leo, hapana, mama. Awe mtu anayejulikana anapoishi, mwenye kitambulisho. Kitambulisho chako nitakurudishia kituoni, kwa sahihi. Lakini kwao ni Tanga. Nani atawahi?"

Ndani kabati lilifunguliwa. Fakhriya alitoka chumbani akiwa amevaa buibui, lile lile la kwenye picha, akifunga nikabu kwa mikono yake mitupu.

"Mama," alisema Waridi, "una eda."

"Naijua eda yangu. Mchana, kwa haja, mjane hutoka. Polisi waliponiita mara tatu kwa jambo nisilolijua, hiyo haikuwa haja yangu. Mtoto wa watu nimekabidhiwa na wazee wake, hii ni haja. Nitarudi kabla ya magharibi." Alimshika Rania mkono, akaufunika kwa mkono wa buibui. "Twende."

Khalil alisogea njiani. "Na mimi, mama? Utanidhamini na mimi?"

Fakhriya alimpita, akashika kitasa.

"Wewe," alisema bila kugeuka, "mama yako yuko eda."